Kwa nini dakika zinagoma na wiki zinapotea?

Swali: Daktari, nina miaka 41, naishi Kitengela na nafanya kazi ya uhasibu mjini Nairobi. Mkataba wangu unaisha Desemba na hakuna anayeniambia kama utaongezwa. Tangu Julai muda umeniharibikia. Asubuhi matatu ikikwama Mombasa Road, kifua kinabana, moyo unadunda, naona kama tumekaa pale saa nzima. Nikitazama simu ni dakika tisa. Mara mbili nimeshuka nikatembea. Ofisini ni kinyume: naketi kushughulikia mishahara saa tatu, nikishtuka ni saa saba na sijafanya lolote. Usiku naamka saa nane, na kutoka hapo hadi alfajiri ni kama siku tatu. Halafu wiki ikiisha siikumbuki. Mama yangu alifariki akiwa na ugonjwa wa kusahau. Je, umeanza kwangu? Mke wangu ananiambia niache mawazo, nami Ijumaa natafuna majani ya muguka kidogo ili niyaache. Na inawezekanaje tatizo moja lizuie dakika na wakati huohuo likimbize wiki?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa miezi hii. Nianze na lile linalokutisha zaidi. Katika barua yako sioni dalili za ugonjwa uliomchukua mama. Siwezi kukupima kwa maandishi, na hapo chini nitakuomba uende hospitali, lakini hebu soma tena ulichoandika. Unajua mambo haya yalianza Julai. Unajua matatu ilikaa dakika tisa. Unajua uliketi kwenye mishahara saa tatu na ukashtuka saa saba. Mtu ambaye ubongo wake umeanza kupoteza kumbukumbu mara nyingi hana habari ya kilichompotea. Ni watu wa nyumbani wanaoanza kunong'onezana. Aliyezongwa na wasiwasi, yeye hueleza kusahau kwake kwa kina, kwa sababu anajichunguza kutwa kucha. Maradhi ya kusahau pia huwapata wagonjwa wengi baada ya miaka 65. Huwapata na wenye umri mdogo, ila ni wachache.

Tena, sehemu kubwa ya unachokiita kusahau huenda si kusahau. Mkubwa wako akikueleza jambo huku kichwa chako kinapiga hesabu ya kodi ya nyumba ya Januari, jambo lile haliingii. Nafasi ya akili tunayotumia kushika namba, maagizo na sentensi tunayosikiliza ni ndogo, na wasiwasi huikalia. Kisichoingia hakiwezi kukumbukwa, hata kwa mwenye ubongo mzima kabisa.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nimefurahi umeliuliza kwa sababu watu wengi huona haya kulitamka. Wanadhani mtu anayesema dakika zimerefuka na wiki zimefupika anajipinga mwenyewe. Hujipingi. Wasiwasi hauna mwelekeo mmoja: unarefusha muda mahali pamoja, unaufupisha mahali pengine, na ukiangalia umakini wako uko wapi kila mara, utaona kwa nini.

Macho yana mwanga wake na masikio yana sauti yake, lakini hatuna kiungo cha kupokea muda. Ubongo unaukadiria kwa kutumia sehemu zake kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Uingereza Michel Treisman alipendekeza mfano wa saa ya ndani, na mwaka 1977 John Gibbon wa Marekani akatoa nadharia ya kihisabati iliyoupa nguvu. Kuna kitu kinachotoa mapigo, na kuna kitu kinachoyahesabu. Mfikirie makanga mlangoni akihesabu abiria. Abiria wakipanda mbiombio na yeye yuko macho, hesabu inakua upesi, na ubongo unasema: muda mwingi umepita. Lakini makanga akigeuza uso na kuanza kuzozana na mtu ng'ambo ya barabara, abiria wanapanda bila kuhesabiwa. Gari limejaa, naye anaapa bado lina nafasi. Mfano huu una wapinzani wake, na hakuna aliyeonyesha saa hiyo imekaa wapi hasa ndani ya fuvu. Hata hivyo unayaeleza vizuri haya yanayokupata.

Tuanze na matatu. Mwili ukihisi hatari, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na mapigo ya saa ile ya ndani yanaonekana kuongezeka kasi. Dokezo la zamani la jambo hili lilitoka kwenye homa. Mwaka 1933 Hudson Hoagland, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa akimuuguza mkewe, na aligundua kuwa mgonjwa alilalamika ameachwa peke yake muda mrefu hata mumewe alipotoka kidogo tu. Akamwomba ahesabu sekunde hadi 60. Kadiri homa ilivyopanda ndivyo mama yule alivyohesabu haraka. Alimaliza 60 zake kabla ya dakika ya kweli kwisha. Hofu nayo hufanya kazi inayofanana, bila joto. Mwaka 1961 watafiti waliwafunga watu macho, wakawasogeza juu ya kigari kuelekea ukingo wa ngazi au mbali nao. Waliosogezwa kwenye hatari waliona muda ni mrefu zaidi. Mwaka 1984 ikaonekana vivyo hivyo kwa watu wanaoogopa sana buibui walipotakiwa kumtazama buibui.

Kwa hiyo, ukiwa umebanwa kwenye kiti cha nyuma pale karibu na Bellevue, magari ya wenye pesa yanapita juu kwenye barabara ya kulipia ya Expressway na lenu halisogei, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Mapigo yameongezeka kasi, na umakini wako wote uko kwenye muda: tutatoka lini, nitafika saa ngapi, nitasemaje. Makanga hajapepesa jicho. Dakika tisa zinahesabiwa kama saa nzima.

Ningependa ujue pia kwamba ubongo wako haukupunguza mwendo wa dunia, maana najua wengi huogopa kuwa wameanza kuona vitu visivyo. Mwaka 2007 Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walichapisha jaribio ambalo binafsi nalipenda sana. Waliwaangusha watu wa kujitolea kinyumenyume kutoka kimo cha mita 31, wavu ukiwasubiri chini. Kila mmoja alivaa mkononi kifaa chenye namba zilizowaka na kuzima kwa kasi isiyosomeka katika hali ya kawaida. Kama hofu kweli ingewafanya waone dunia polepole, wangezisoma wakiwa hewani. Hawakuzisoma. Hata hivyo, walipoulizwa baadaye, walikadiria anguko lao lilidumu asilimia 36 zaidi ya walivyokadiria anguko la wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba tukio la kutisha huwekwa kwenye kumbukumbu kwa wingi, na kumbukumbu nyingi zikifunguliwa baadaye zinaonekana kama muda mwingi.

Ofisini jambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo hata wataalamu tulikuwa tunachanganya. Kwa miaka mingi hofu na wasiwasi viliwekwa kapu moja. Hofu inahusu kilicho mbele yako sasa: nyoka, gari linalokujia. Wasiwasi unahusu kinachoweza kuja, hujui lini, hujui kama kitakuja kweli. Mwaka 2020 Ioannis Sarigiannidis na wenzake, wakifanya kazi London, walichapisha majaribio yaliyotenganisha hayo mawili. Washiriki walikadiria picha zimekaa muda gani kwenye skrini. Wakati mwingine walikuwa salama. Wakati mwingine waliambiwa wanaweza kupigwa shoti ya umeme saa yoyote. Walipokuwa wakiisubiri shoti hiyo isiyotabirika, waliona muda umekuwa mfupi kuliko ulivyokuwa. Wasiwasi uliubana muda, wala haukuurefusha.

Sababu inayotajwa ni ileile ya umakini. Kungojea baya lisilo na tarehe kunakula akili, na kinachobaki cha kuhesabia muda ni kidogo. Barua yako ni mfano halisi. Umeketi mbele ya mishahara, macho yako yapo kwenye tarakimu, lakini akili iko Januari: nani atanipa kazi nikiwa na miaka 42, shule zinafunguliwa, mkopo wa sacco utalipwa na nini. Hakuna aliye mlangoni akihesabu abiria. Saa nne zinapanda gari na kushuka, nawe huna habari.

Na wiki? Mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika mwaka 1890, katika kitabu chake cha misingi ya saikolojia, kwamba muda uliojaa mambo mapya na ya kusisimua huonekana mfupi unapopita na mrefu tukiukumbuka, ilhali muda mtupu huonekana mrefu unapopita na mfupi tukiukumbuka. Tunapogeuka nyuma hatuna mapigo ya kuhesabu tena. Tunahesabu alama zilizobaki. Wasiwasi hauachi alama nyingi, kwa sababu mawazo yake ni yaleyale. Jumatatu ulifikiria mkataba, Jumanne mkataba, Jumatano mkataba, kwa maneno yaleyale, njia ileile. Siku saba zinajipanga moja juu ya nyingine hata zinaonekana ni moja. Ndiyo maana usiku mmoja unaweza kuwa kama siku tatu ulipokuwa ndani yake, na mwezi mzima usiuone umeenda wapi.

Kama uliishi Nairobi mwaka 2020 uliyaonja haya. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, watu ndani ya nyumba kuanzia saa moja jioni. Jioni zile hazikuisha, lakini leo ukijaribu kukumbuka Mei na Juni za mwaka huo huoni mpaka kati yao. Uingereza, mtafiti Ruth Ogden aliwauliza watu 604 wakati wa kufungiwa kwao. Zaidi ya asilimia 80 walisema muda haukwenda kama kawaida, wengine wakiona unakimbia na wengine ukiburuta miguu. Waliouona ukiburuta walikuwa hasa wenye umri mkubwa, wenye msongo zaidi, wenye shughuli chache na wasioridhika na maingiliano yao na watu.

Kwa kuwa chanzo kinatofautiana, dawa nayo inatofautiana, na hapa naona wengi hukosea. Mtu anaambiwa "tulia", basi anajaribu kutulia mahali pote kwa njia moja.

Ndani ya matatu, usiamini saa ya ndani. Kile kinachokupata, kifua kubana, moyo kudunda, kinafanana na shambulio la hofu. Wimbi la namna hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka lenyewe hata usipofanya lolote. Kwa hiyo linapoanza, tazama saa mara moja tu, jiambie ni saa ngapi, halafu rudisha simu mfukoni. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Kupumua harakaharaka hupunguza hewa ya kaboni kwenye damu na ndiko kunakoleta kizunguzungu na ganzi. Kisha peleka umakini nje: soma maandishi kwenye lori lililo mbele yenu, sikiliza kinachozungumzwa redioni. Wimbi likishuka tazama saa tena. Najua inaonekana ni kitu kidogo. Lakini ukiona mara kadhaa kwa macho yako kwamba "saa nzima" ilikuwa dakika saba, ubongo unaanza kujifunza. Ukishuka na kutembea unapata nafuu papo hapo, nami sikulaumu, ila ubongo unajifunza lingine: kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Kesho utataka kushuka mapema zaidi, na baadaye hutapanda.

Kitandani, fanya kinyume: usitazame saa kabisa. Nicole Tang na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba watu waliotazama saa wakitafuta usingizi walipata wasiwasi zaidi na wakachelewa zaidi kulala kuliko waliopewa kifaa kingine cha kutazama. Na wenye tatizo la usingizi hukadiria muda waliokaa macho kuwa mrefu kuliko ulivyo. Simu ilale sebuleni. Kama unaitegemea ikuamshe, nunua saa ya kengele na uigeuze uso ukutani. Ukiona usingizi umegoma, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na maana kubwa, urudi ukianza kusinzia.

Ofisini nakupa kazi mbili. Ya kwanza ni ya mtafiti Thomas Borkovec na wenzake, waliyoichapisha mwaka 1983: wape mawazo ya mkataba nusu saa yao, kila siku, mahali palepale, wakati uleule. Si kitandani wala kwenye dawati la kazi. Yakija saa tatu asubuhi, andika neno moja kwenye karatasi na uyaambie yasubiri hadi, tuseme, saa kumi na moja na nusu jioni. Ikifika, keti nayo kweli, kalamu mkononi, nusu saa kamili. Ushauri wa "acha mawazo", na namheshimu shemeji kwa kukujali, huwa haufui dafu, kwa sababu mawazo yanayofukuzwa hurudi. Yanayopewa miadi hujifunza kungoja. Ya pili: gawa mishahara vipande vya dakika 25, kengele ikilia simama, andika ulichomaliza hata kama ni mistari mitatu. Hapo unamrudisha makanga mlangoni kwa nguvu.

Kwa wiki zinazopotea, weka alama. Shuka kituo tofauti Jumamosi moja, mpeleke mtoto mahali ambapo hamjawahi kwenda, mpigie mtu ambaye hujaongea naye tangu mwaka jana. Jioni andika sentensi mbili za kilichotokea siku hiyo ambacho hakikutokea jana. Baada ya mwezi utakuwa na ushahidi kwamba uliishi.

Muguka sitaupitia kwa mbali. Majani hayo yana kathinoni, kichocheo cha jamii moja na amfetamini. Yanapandisha mapigo ya moyo, yanakata usingizi, na kesho yake yanakuacha na huzuni na woga. Unayatafuna Ijumaa ili upunguze mawazo, Jumapili usiku unayalipia, halafu Jumatatu unalaumu msongamano. Acha kwa wiki kadhaa uone tofauti. Chai ya rangi nzito na kahawa baada ya saa nane mchana nazo zipunguze.

Sasa hospitali. Nataka daktari wa kawaida akuone kwanza, apime shinikizo la damu, moyo na tezi ya shingo. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huiga wasiwasi vizuri sana, hasa kama umekonda bila sababu na unahisi joto kuliko wenzako. Kama kifua kinauma unapopanda ngazi, au maumivu yanaelekea taya au mkono, usisubiri kesho. Muulize pia mwenzako wa dawati la jirani: katika zile saa zinazopotea, hukaa umekodoa macho bila kujibu ukiitwa? Akisema ndiyo, mwambie daktari, maana kuna kifafa kisichomwangusha mtu na kinaweza kukwapua dakika. Sidhani ndicho, kwa sababu saa nne ni nyingi mno na unakumbuka ulichokuwa ukiwaza, ila swali ni la bure.

Vipimo vikiwa safi, omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Kenyatta kuna kliniki, Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, kuna kliniki ya wagonjwa wa nje, na nakusihi jina la Mathari lisikutishe. Wanaoketi kwenye benchi zile ni walimu, madereva na wahasibu kama wewe. Mtu anaingia, anazungumza, anakwenda kazini. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwenendo ina ushahidi mzuri kwa tatizo kama lako. Zipo na dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na nakuonya mapema: kwako wiki hizo za kwanza zitaonekana ndefu. Usiziache katikati kwa sababu hiyo. Na ikitokea siku mawazo yakageuka kuwa ya kutotaka kuishi, usingoje miadi. Piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Limebaki jambo moja, nalo halimo kwenye vitabu vya tiba. Katika lile jaribio la London kilichowasumbua watu si umeme peke yake, ni kutojua utapiga lini. Wewe unaisubiri shoti tangu Julai. Siwezi kukupa mkataba, lakini tarehe unaweza kuidai. Wiki hii iandikie idara ya rasilimali watu barua fupi ya heshima, uulize uamuzi kuhusu mkataba wako utatolewa siku gani. Usiombe kazi ndani yake, usijieleze, uliza tarehe tu. Wakijibu, iandike kwenye kalenda ya jikoni ambapo mke wako pia ataiona. Wakikaa kimya wiki mbili, uliza tena, na hapohapo uanze kupeleka maombi kwingine.